Uzi wa picha za mjini usiku, mvuani na kwenye ukungu: tupeane mbinu

#1 lami_mbichi (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Kwenye nyuzi za upigaji picha swali la usiku ni lilelile: ninunue kamera gani ili picha zisiwe na chenga (zile punjepunje za gizani)? Majibu yanamiminika, sensa hii (kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga), lenzi ile, na muuliza swali anaondoka na deni huku picha zake zikibaki vilevile.

Mimi naona kwa picha za mjini, usiku au siku ya hali mbaya ya hewa, la kwanza ni umesimama upande gani wa taa. Kamera inafuata kwa mbali. Nianze na mvua, wengine mtaongezea au mtanipinga.

Wengi wakitoka kupiga mvua wanarudi na picha za mji wa kijivu uliolowa, mvua yenyewe haionekani. Tone la maji halina rangi yake. Linachofanya ni kupinda mwanga unaotoka nyuma yake na kukuletea wewe. Taa ikiwa mgongoni kwako, matone yote yaliyo mbele yanapotelea ukutani. Sasa zunguka mpaka taa iwe mbele yako, hata kama imekaa pembeni kidogo au imejificha nyuma ya nguzo, na nyuma ya hayo matone pawe na giza: mdomo wa uchochoro, ukuta mweusi, anga. Mvua ileile iliyokuwa haionekani inawaka yote. Hakuna lenzi itakayokupa hilo ukiwa umesimama upande usiofaa.

Kisha shata, yaani muda ambao kamera inaacha mwanga uingie. Tone lenye upana wa milimita 2 hushuka kwa kasi ya kama mita 6.5 kwa sekunde. Piga hesabu: kwa shata ya 1/500 ya sekunde linasafiri sentimita 1.3 tu, kwenye picha linatoka kama kidoa, na mtazamaji anaweza kudhani lenzi ilikuwa chafu. Kwa 1/60 linasafiri kama sentimita 11, hapo unapata mchirizi. Ukishuka hadi 1/8 mchirizi unafika sentimita 80, lakini mwanga wa tone dogo umetandazwa kwenye urefu wote huo, kwa hiyo unafifia mpaka hauonekani. Ndiyo maana mtu anaweza kuacha shata wazi sekunde nzima kwenye mvua kubwa akapata picha kavu yenye lami inayong'aa. Mimi hukaa kati ya 1/60 na 1/125.

Karibuni.

#2 simu_tu

Mkuu, uzi safi. Ila "kamera inafuata kwa mbali" ni rahisi kusema ukiwa na kamera. Sisi wa simu tunaambulia nini? Hali ya usiku kwenye simu yangu inang'arisha kila kitu lakini mvua siioni kabisa, na watu wanatoka kama mizimu.

#3 lami_mbichi

Swali zuri sana hili mkuu, na jibu lake liko kwenye jinsi hali ya usiku inavyofanya kazi. Simu haipigi picha moja. Inapiga fremu nyingi za haraka, inazilinganisha zikae sawa, kisha inatafuta wastani wake. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya fremu: ukichanganya fremu 16, chenga inabaki robo. Kwa jengo lililosimama ni maajabu. Lakini tone la mvua liko mahali fulani kwenye fremu moja tu. Kwenye zile 15 nyingine halipo. Wastani ukipigwa, programu inaliona kama chenga na kulifuta. Kwa hiyo simu haijashindwa kuona mvua, imeiondoa kwa makusudi. Mtu anayetembea naye anasambazwa vipande vipande, hao ndio mizimu wako.

Ukitaka mvua, zima hali ya usiku. Sogea kwenye taa kubwa: kioo cha duka, kibanda cha basi chenye tangazo linalowaka, taa za gari lililosimama. Gusa kioo cha simu kwenye sehemu angavu, kisha shusha mwanga kwa kidole mpaka maandishi ya lile tangazo yasomeke. Giza lililobaki liache liwe giza. Na tumia lenzi kuu ya simu, ile ya kawaida. Ya kuvuta mbali mara nyingi ina tundu dogo la kupitisha mwanga na sensa ndogo zaidi, na simu nyingi usiku zinaiacha kimyakimya na kukata kipande cha picha ya lenzi kuu, wewe ukidhani umevuta kweli.

#4 ngoja_magharibi

Napinga kidogo. Mnaongelea usiku kana kwamba ni kitu kimoja. Picha nyingi za usiku zinaharibika kwa sababu mtu katoka amechelewa, anga limeshakuwa jeusi tii, taa zinaunguza na paa za majengo zimepotea kabisa.

Muda wangu ni kuanzia jua linapozama mpaka lifike nyuzi 6 chini ya upeo wa macho. Kwenye nchi za ikweta jua linazama likiwa wima, kwa hiyo kipindi hicho hakizidi sana dakika 20 na kitu. Ukiwa mbali na ikweta, majira ya joto, unaweza kupata karibu saa nzima. Ndani ya hicho kipindi kuna dakika chache ambapo mwanga wa anga na mwanga wa madirishani vinalingana, na hapo ndipo kamera yoyote ile inaonekana ya ghali.

Na ule ubluu wa anga wakati huo hausababishwi na mtawanyiko wa mwanga peke yake kama wa mchana. Mwaka 1953 Edward Hulburt alionyesha kwamba jua likiwa limezama, ozoni ndiyo inayochangia zaidi, kwa kufyonza mwanga wa manjano na mwekundu katika safari ndefu ndani ya angahewa. Ndiyo maana hata kukiwa na mawingu mepesi ubluu unapenya, na lami iliyolowa inauchukua wote.

Halafu tripodi, ile miguu mitatu ya kusimamishia kamera. Bila tripodi mnapoteza muda. ISO (namba ya kukuza mwanga) 100, tundu f/8 (namba ikipungua tundu linapanuka), shata sekunde 4, picha safi.

#5 lami_mbichi

Kwenye muda nakubaliana nawe asilimia mia. Kwenye tripodi hapana. Sekunde 4 mjini zinakupa mji usio na watu, au wenye mavumbi ya watu. Kwa jengo, daraja, michirizi ya taa za magari, sawa kabisa, beba. Lakini mimi nikitoka mvuani nawinda mtu mmoja anayevuka chini ya taa, na huyo hasubiri nifungue miguu mitatu. Pia kwenye upepo mkali tripodi nyepesi yenye shingo (ile nguzo ya katikati) iliyonyanyuliwa inatikisika kuliko mtu aliyeegemea ukuta. Kama ni lazima, shusha shingo yote, tumia kipima muda cha sekunde 2 ili kidole kisiguse kamera, na usiruhusu mkanda kupeperuka.

#6 chenga_si_dhambi

Afadhali umesema. Hofu ya ISO imeua picha nyingi kuliko mvua. Watu wanang'ang'ania ISO 400, shata inashuka 1/10, kila kitu kinatikisika, halafu wanajisifu haina chenga!

Chenga kwa sehemu kubwa haitokani na namba ya ISO. Inatokana na uchache wa mwanga uliofika kwenye sensa. Ukipiga picha yenye giza kwa ISO 400 kisha ukaing'arisha kwenye kompyuta mara nane, unapata chenga ileile ya ISO 3200 au zaidi yake, hasa kwenye kamera za zamani. Kwa hiyo mpangilio wangu ni huu: shata kwanza kulingana na kinachotembea, tundu liwe wazi kadiri lenzi inavyoruhusu, ISO ifike inakofika. Kutoka f/2.8 kwenda f/1.4 ni stopu mbili (kila stopu huongeza mwanga mara mbili), yaani mwanga mara nne. Lenzi ya 50mm f/1.8, ile ya plastiki ambayo kila kampuni inayo, inakusaidia usiku kuliko kubadilisha kamera.

Na mpige faili ghafi, zile za RAW. Kwenye JPEG, faili ambayo kamera imeshaipika yenyewe, rangi za taa zikishaharibika zimeharibika.

#7 mzee_wa_filamu

Vijana mnanifurahisha. Haya mambo yana umri. Tarehe 22 Februari 1893 mpiga picha Alfred Stieglitz alisimama Fifth Avenue, New York, kwenye dhoruba ya theluji kwa muda wa kama saa tatu, akiwa na kamera ya mkononi ambayo wenzake waliidharau, akisubiri gari la farasi lije mahali alipotaka. Tena kwenye kusafisha akakata sehemu kubwa ya hasi (picha ya asili kabla ya kuchapwa) na kubakiza kipande kimoja. Hakusubiri theluji ikatike. Theluji ndiyo iliyofuta maduka na mabango, ikamwachia farasi na njia ya magurudumu.

Mpiga picha Brassaï miaka ya 1930 alikuwa akizunguka Paris usiku na kamera ya sahani za kioo, anapima muda wa shata kwa sigara: Gauloise kukiwa na mwanga wa kutosha, Boyard, ambayo ni nene, kukiwa na giza zaidi. Sahani zake hazikuwa na ISO 3200. Alichokuwa nacho ni kujua taa iko wapi. Mara nyingi aliificha taa yenyewe nyuma ya mti au kona, akapiga kile inachokiangaza.

#8 lami_mbichi

Shikamoo mzee. Hilo la kuificha taa ndilo nililotaka kulisema na sikupata maneno.

#9 mzee_wa_filamu

Marahaba.

#10 rangi_zangu

Naomba msaada. Picha zangu za mtaani usiku zina mambo mawili. Moja, zina mistari ya giza na mwanga inayokatiza picha. Mbili, mitaa mingine yote inatoka rangi ya chungwa, nikijaribu kuisahihisha sura za watu zinakuwa kama maiti. Kamera ni nzima, nimeipeleka kwa fundi akasema haina tatizo.

#11 chenga_si_dhambi

Mistari: taa zinapepesa. Umeme wa gridi ukiwa wa 50 Hz, taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, jicho halioni. Ukitumia shata ya kielektroniki au kasi kubwa kama 1/500, sehemu moja ya sensa inasoma taa ikiwa juu, nyingine ikiwa chini. Weka 1/50 au 1/100. Penye 60 Hz weka 1/60 au 1/125. Ikigoma, zima shata ya kielektroniki. Baadhi ya mabango ya LED yana upepesaji wake mwenyewe wa kasi zaidi, hapo ni kujaribu mpaka mistari ikae.

Rangi ya chungwa: hiyo ni taa za sodiamu. Zile za zamani za shinikizo dogo hutoa mwanga wa urefu wa wimbi mmoja hivi, nanomita 589. Koti jekundu chini yake halirudishi wekundu kwa sababu wekundu haukufika pale. Hakuna programu itakayorudisha kitu ambacho hakikuwepo. Za shinikizo kubwa zina nafuu kidogo. Dawa yake ni mbili: geuza picha nyeusi na nyeupe, au tafuta mahali ambapo kuna chanzo kingine cha mwanga kinachogusa uso, hata skrini ya simu ya huyo mtu mwenyewe.

#12 ngoja_magharibi

Au usisahihishe. Weka mizani ya rangi (mpangilio unaoiambia kamera nyeupe ni ipi) Kelvini 4000 na uiache hapo usiku kucha. Taa ya joto itatoka ya joto, LED nyeupe itatoka baridi, na mtazamaji ataelewa ni mtaa gani. Mizani ya kujiendesha inabadilika kila fremu, ukifika nyumbani una picha za mtaa mmoja zenye rangi sita.

#13 simu_tu

Wakuu tukumbuke ukungu kwenye kichwa cha uzi. Huku kwetu unashuka alfajiri na kila nikipiga natoka na karatasi ya kijivu.

#14 lami_mbichi

Ukungu ndio ninaoupenda kuliko vyote.

Kamera inapima mwanga ikiamini kila tukio wastani wake ni kijivu cha kati. Ukiielekeza kwenye ukungu wa mchana, mweupe, inaushusha uwe kijivu. Kwa hiyo tumia kile kitufe cha +/- uongeze stopu moja hivi. Usiku ni kinyume chake: kamera inaona weusi mwingi, inajaribu kuupandisha uwe kijivu, taa zinaungua. Punguza stopu moja, wakati mwingine moja na nusu. Hii peke yake inatibu nusu ya malalamiko ninayoyasoma humu.

Pili, ukungu unakula utofauti wa giza na mwanga kulingana na umbali. Kitu kilicho mita tano kinatoka cheusi, cha mita ishirini kijivu, cha mita hamsini hakipo. Bila kitu cha karibu huna picha. Tafuta nguzo, kona ya ukuta, baiskeli iliyoegeshwa, tawi. Kiweke mbele, kisha uache vingine vififie nyuma yake kwa tabaka. Mtu kati ya wewe na taa ya barabarani anakuwa kivuli kamili na mwanga unatoka kumzunguka kama miale, unaweza kuona hadi kivuli cha mwili wake kikining'inia hewani kuja upande wako. Sogea hatua moja kushoto, taa itoke nyuma ya kichwa chake, na picha imekufa: badala ya mtu una balbu iliyoungua na mtu hafifu pembeni. Rudi ile hatua.

Tatu, zima flashi. Inaangaza matone yaliyo mbele ya pua yako na kurudisha mwanga wote kwenye lenzi.

#15 mwavuli_mwekundu

Flashi si haramu jamani. Kwenye mvua ya usiku mimi nawasha makusudi, nguvu ndogo, shata 1/30. Matone ya karibu yanaganda kama shanga kubwa zisizo na fokasi, na mji wa nyuma unabaki na michirizi yake. Inatoka picha ya ajabu ajabu, wengine wanaipenda wengine wanatukana. Nikiwa na mtu wa kunisaidia naiweka mbali na kamera, nyuma ya anayepigwa, hapo tumerudi kwenye kanuni ya mleta uzi: mwanga nyuma ya mvua.

#16 mkosoaji_wa_zamu

Nitaongea ukweli, mnisamehe. Mbinu zote hizi zinazalisha picha ileile. Mtu kashika mwavuli, taa nyekundu, kidimbwi kinachoakisi, basi. Nimeshaiona mara elfu. Mnajifunza kupiga picha nzuri ya kitu ambacho kila mtu anacho.

#17 lami_mbichi

Una hoja. Ila nadhani tatizo ni kwamba watu wanaishia kwenye kanuni. Kanuni inakupa picha safi, majaribio yanaanza baada ya hapo.

Mfano mmoja, kioo. Kaa ndani ya basi au mgahawani, nje kunanyesha. Usifokasi barabara. Fungua tundu f/2.8 au f/4, sogeza lenzi karibu na kioo, fokasi ya mkono, uliweke tone moja sawasawa. Ndani ya lile tone utauona mtaa mzima umepinduka kichwa chini, taa za magari zikiwa juu na anga chini, na nyuma yake mtaa halisi ni mabaka ya rangi tu. Lisubiri. Tone linajaa, linashika la jirani, linateremka ghafla na kuacha njia safi kwenye kioo, na kwa muda mfupi kupitia ile njia unaona kipande cha barabara kikiwa wazi. Ukimpata mtu akipita ndani ya huo upenyo, hiyo haitafanana na picha ya mtu mwingine. Mpiga picha Saul Leiter alipiga New York kwa rangi kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 hivyohivyo, kupitia vioo vyenye mvuke na theluji, mtu akiwa koti tu nyuma ya kioo, na wengi hawakuzijua mpaka miaka ya 2000.

Mfano mwingine, tikisa makusudi. Shata 1/4, taa za mtaa mbele, vuta kamera kwenda chini wakati shata iko wazi. Nyingi zitakuwa takataka. Futa.

#18 mkosoaji_wa_zamu

La kioo nalichukua. La kutikisa mwachie chenga_si_dhambi.

#19 chenga_si_dhambi

😂😂

#20 rangi_zangu

Na usalama wa vifaa je? Kamera yangu haina kinga ya maji.

#21 mwavuli_mwekundu

Mfuko wa nailoni, toboa tundu la lenzi, lifunge kwa mpira kwenye ile kofia ya lenzi inayozuia mwanga wa pembeni. Kofia yenyewe inazuia matone mengi kama utainamisha kamera kidogo. Beba vitambaa viwili vikavu, kimoja cha mwili wa kamera na kimoja cha kioo tu, usivichanganye. Usibadilishe lenzi nje. Hata kamera zenye kinga, kinga yake si ya kuzamisha, na haina maana kama lenzi uliyofunga haina mpira wake.

Adui mkubwa kuliko mvua ni mvuke. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi kwenda nje kwenye joto na unyevu, lenzi inajaa ukungu, na unaweza kuingia hadi ndani. Kabla ya kutoka, ifunge kamera kwenye mfuko usiopitisha hewa, toka nayo, usiufungue mpaka kamera ipate joto la nje. Kwenye nchi za baridi ni wakati wa kuingia ndani ndipo ufanye hivyo, na betri ya akiba ikae mfuko wa ndani wa koti kwa sababu baridi inapunguza nguvu yake. Ukishamaliza usiiweke kamera mbichi kwenye begi. Ikaushe, weka vipakti vya silika. Fangasi ikishaota kati ya vioo vya lenzi, kuisafisha ni kazi ya fundi na alama inaweza kubaki.

Na radi. Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Kila sekunde 3 ni kama kilomita moja. Zikiwa chini ya 30, ingia ndani, usisimame juu ya paa na miguu mitatu ya chuma. Piga kupitia dirishani.

#22 simu_tu

Ahsanteni wote. Swali la mwisho, nina filta ya polaraiza ya kubandika, niliambiwa inasaidia kwenye maji. Niivae leo usiku?

#23 ngoja_magharibi

Ivue mkuu. Inakula stopu moja na nusu hadi mbili, halafu kazi yake ni kuondoa mng'ao kwenye maji. Mng'ao wa lami ndio uliokutoa nyumbani.